Kandambili Ilivyonipeleka kwa Mchina

Mgongo wangu haukuharibiwa na robota la tumbaku. Najua nilivyowaambia kijiweni, najua nilivyomwambia shemeji, na kwa mama mkwe nilifika hadi kusema lilikuwa robota la mwisho la msimu, gari limeshawasha injini, vijana wote wamekimbia. Uongo mtupu. Nilikuwa natoka kuoga, kandambili ya kushoto ikanichomoka ikaingia mvunguni, nikainama kuifuata. Basi. Kitu kikalia ko! hapa kiunoni, nami nikabaki nimeinama vilevile kama msoma mita wa maji, namwita mama watoto kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Ubaya wa kuzaliwa Unyamwezi ni kwamba hakuna anayekuruhusu kuumwa mgongo. Mtu wa kwingine akiumwa mgongo ni mgonjwa, anapewa pole na chai ya tangawizi. Mnyamwezi akiumwa mgongo ni aibu ya ukoo. Babu zetu ndio waliobeba njia yote ya Tabora hadi Bagamoyo: frasila mbili za pembe begani, yaani kilo zaidi ya 30, na juu yake mkeka wa kulalia na chakula cha njiani, mwendo wa miezi mitatu, kisha kugeuza na majora ya nguo na shanga. Kijana ambaye hajaiona bahari akarudi alihesabiwa bado mtoto. Wazungu Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 toka pwani, na sifa wakachukua wao. Waliobeba wino na karatasi za kuandikia hizo sifa waliambulia mistari michache. Lakini hayo tuyaache, leo nalalamikia mgongo wangu mimi.

Mimi nabeba nini? Nina steshenari hapa Isikizya. Hapa ndipo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, na mahali penye halmashauri pana watu wenye bahasha za kaki. Wanatoka vijijini alfajiri, wanafika dirishani, wanaambiwa "katoe kopi mbili", wanakuja kwangu. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Mzigo mzito kuliko yote ninaoinua kwa siku ni rimu ya karatasi, nayo naipasua kwanza nikiwa nimekaa. Kukaa kwenyewe ni juu ya kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya tangu sikumbuki lini, kwa hiyo kwa muda wote huo nimekuwa nikikaa upande kama abiria wa bodaboda aliyevaa sketi. Mjukuu wa wapagazi! Nikisema ni kandambili, si nitahamishwa kabila?

Hospitali nilikwenda, tusielewane vibaya. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, ni misuli, meza vidonge hivi, fanya mazoezi haya, na usikae sana. Kumwambia mwenye steshenari asikae sana ni kumwambia kinyozi asiguse vichwa. Vidonge vikaisha, mazoezi nikayafanya siku mbili, mgongo ukabaki pale pale. Ndipo binti yangu akapiga simu toka Dar es Salaam. "Baba, panda basi uje. Kuna kliniki ya Kichina huku, wanachoma sindano, mama mwenye nyumba wangu alikuwa hainuki sasa anacheza vigodoro."

Kosa langu la pili, baada ya lile la kuinama, lilikuwa kulitaja jambo hili kijiweni. Siku hiyo nilijifunza kwamba Isikizya nzima ina utaalamu wa tiba ya Kichina. Fundi baiskeli alisema sindano zenyewe ni sawa na spoku, inaingia mgongoni inatokea kitovuni. Muuza mkaa akasema hapana, wanachoma kichwani tu, mjomba wake alikuwa amepooza na siku ya tatu alikuwa anakimbiza basi. Kijana wa bodaboda aliuliza kama ile nyingine nayo inaamka, tukajua anauliza kwa niaba ya nani. Mwalimu mstaafu, ambaye huwa anafunga mjadala, akasema yeye amesoma: mwandishi wa habari wa Kimarekani alipasuliwa tumbo huko Beijing mchana kweupe, macho makavu, bila ganzi, kwa sindano tatu tu.

Nimekuja kuisoma habari hiyo mwenyewe baadaye, na naomba mwalimu aniwie radhi. Mwandishi alikuwepo kweli, James Reston wa gazeti la New York Times, na kidoletumbo alitolewa kweli, Julai 1971. Ila alichomwa ganzi ya kawaida kama mtu yeyote. Sindano za Kichina zilikuja baada ya operesheni, tumbo lilipojaa gesi: wakamchoma kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, akapata nafuu, akaandika. Ndivyo habari zinavyosafiri. Inatoka Beijing ni gesi tumboni, inafika Isikizya mtu kapasuliwa macho makavu.

Basi, nikaenda. Zaidi ya kilomita 800, siti ya nyuma kabisa, ile ambayo basi likiruka tuta wewe unaliruka mara mbili. Nilishuka Mbezi kwenye stendi ya Magufuli nikiwa na umbo la ndoana. Babu zangu walifika pwani kwa miezi mitatu wamebeba pembe za ndovu. Mimi nimefika kwa siku moja, nimebeba kifurushi cha michembe na lita mbili za asali, na binti ndiye aliyenipokea mzigo.

Asubuhi ya kwenda kliniki binti aliniambia, "Baba, kunywa chai kwanza." Nikakataa. Kwetu ukienda kupimwa unakwenda na njaa, ndivyo tulivyozoea. Laiti ningemsikiliza. Huko kwa sindano ni kinyume: wanataka uwe umekula, si kushiba wa harusini, lakini umekula, maana mwenye njaa akilazwa akachomwa anaweza kupata kizunguzungu. Nilirudishwa kwenye genge la jirani kama mtoto wa chekechea, nikaambiwa nisirudi bila chapati mbili tumboni.

Kibao cha nje kilikuwa na maradhi mengi kuliko kitabu cha daktari: mgongo, nyonga, kupooza, presha, kisukari, uzazi, pumu, usingizi, uzito, vidonda vya tumbo na, kwa herufi nyekundu, ile ya kijana wa bodaboda. Kibao cha namna hiyo mimi kinanitia shaka. Mtu anayetengeneza redio, saa, viatu na meno huwa hajui kimoja kati ya hivyo. Lakini ukutani ndani kulikuwa na cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile lililozaliwa na sheria ya mwaka 2002, nami kwa kazi yangu cheti nakijua: hiki kilikuwa halisi, si cha kudurufu. Nikatulia kidogo.

Kidogo tu, kwa sababu mapokezini alikuwa amekaa Mzaramo.

Aliuliza jina, nikataja. Akaacha kalamu. "Wa Tabora?" Nikasema ndiyo, Isikizya. Akageuka kwa wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi: "Jamani, mtani wangu kaja! Mnyamwezi anaumwa mgongo! Sasa mizigo ya nchi hii atabeba nani?" Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, babu zao wakitupokea pwani kwa matusi na sisi tukiwarudishia, kwa hiyo sheria hairuhusu kununa. Nikamwambia nimekuja kudai nauli ya babu yangu aliyeibiwa na babu yake. Akasema, "Babu yako alikunywa maji ya bahari akidhani ni mchuzi, nani angekuibia wewe?" Benchi zima likacheka, hata mzee mmoja mwenye kiharusi alicheka kwa upande mmoja. Nikangoja saa moja na nusu. Livingstone alikaa Kwihara, huko huko kwetu Tabora, mwaka 1872 karibu miezi mitano akisubiri wapagazi wafike toka pwani. Nilimwelewa kwa mara ya kwanza.

Nilitarajia kumkuta mzee mwenye ndevu nyeupe kama wa sinema za karate. Nikakuta mwanamke wa makamo ya binti yangu, koti jeupe, miwani, na mbele yangu akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo baba." Kiswahili cha Kariakoo safi, chenye haraka ya mtu anayejua bei. Nikaitikia marahaba, moyo ukalainika. Hilo ndilo lililoniponza, maana swali lililofuata lilikuwa: "Choo kikoje?"

Nikasema choo kipo, tumejenga nje, cha shimo.

"Hapana baba. Choo chako. Laini? Kigumu? Mara ngapi?"

Mwanangu yuko pembeni ameketi, ananitazama. Nimemlea, nimemsomesha, sijawahi kumwambia habari ya choo changu hata siku moja. Na daktari hakuishia hapo. Usingizi je, unaota? Jasho la usiku lipo? Kinywa kichungu asubuhi? Unapenda maji ya moto au baridi? Toa ulimi. Nikatoa ulimi. Akautazama kwa utulivu kama mimi ninavyotazama kitambulisho kilichofubaa, mbele, pembeni, akasema "mmh", akaandika. Halafu akanishika mkono kwa vidole vitatu kwenye kifundo, si kama daktari wetu anayehesabu mapigo akitazama saa. Huyu alifumba macho. Anabonyeza kidole kimoja, anaachia, anabonyeza kingine. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kwao kila kidole kinasikiliza kitu chake: huku moyo, huku ini, huku figo. Mimi nimekuja na mgongo, yeye anasikiliza figo kwenye kifundo cha mkono. Sikusema kitu. Nililipa kabla ya kuingia.

"Unabeba vitu vizito?"

Nikasema robota. Tumbaku. Kilo nyingi.

Akanishika kiganja, akakigeuza. Kiganja changu, Mungu anisamehe, kina ulaini wa mkate, na kwenye kidole gumba kuna wino wa mashine. Akanitazama juu ya miwani. Binti yangu akakohoa. "Unakaa sana, baba," alisema, na halikuwa swali. Nikaungama pale pale: kiti cha plastiki, waya, kandambili. Yeye hakucheka. Binti ndiye aliyetoka nje.

Nikaambiwa vua shati na ulegeze mkanda. Hapa nawalaumu wote walionishauri, kuanzia fundi baiskeli hadi mwanangu mwenyewe: mbona hakuna aliyeniambia ningevuliwa? Ndani ya shati nilikuwa nimevaa fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa, tena wa zamani, uso wake umetoboka tundu mbili mahali pa macho. Vaeni nguo pana, jamani, suruali ya kupanda hadi juu ya goti, na ndani vaeni kitu mnachoweza kukitetea. Na kama mnameza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, au kuna mimba, semeni mapema, maana atauliza na ni vizuri asikie kwenu kabla hajafungua pakiti.

Pakiti, ndiyo. Kila sindano ilikuwa kwenye kijikaratasi chake kilichofungwa, inafunguliwa mbele yako, ikitoka inatupwa kwenye kopo la njano, haimchomi mwingine. Ukiona mahali zinatolewa kwenye bakuli, vaa shati lako utoke. Nami nilipoiona ile sindano niliona haya kwa niaba ya kijiwe kizima. Spoku gani? Ni nyembamba kama unywele mgumu, robo ya milimita hivi, haina tundu katikati wala dawa ndani. Sisi tuliokulia kwenye PPF, ile ya matakoni inayokufanya uchechemee Jumatatu hadi Alhamisi, tuna maana yetu ya neno sindano, na maana hiyo hapa haifai.

Nililala kifudifudi, uso umeingizwa kwenye tundu la kitanda. Anaweka kimrija cha plastiki kwenye ngozi, anagonga kwa kidole: tik. Kama mbu aliyebadili mawazo. Nikaanza kujiona shujaa. Halafu akaishika ile sindano akaizungusha kidogo, na hapo kikaja kitu ambacho sijapata jina lake. Si maumivu. Ni uzito, ni ganzi inayotembea, kama jino linalotaka kuuma likaghairi, na linaghairia kwenye kiuno. "Umesikia?" anauliza. Nikasema nimesikia. "Vizuri." Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta, na asipokipata anaendelea kuzungusha. Ukienda, sema umesikia, ila usiseme kabla.

Mbili za kiunoni nilizielewa. Lakini akashuka, akanichoma nyuma ya magoti, akashuka tena, akanichoma karibu na kifundo cha mguu. Nikainua kichwa nikamkumbusha kwamba mgongo ni huku juu. Akanionyesha picha ya ukutani: mtu uchi asiye na aibu, mwili mzima umechorwa mistari kama ramani ya reli, na kwenye mistari stesheni, 361 kwa hesabu yao. Mstari mmoja unaanzia usoni, unapanda kichwani, unashuka mgongoni kote, unapita nyuma ya goti, unaishia kidole kidogo cha mguu. Kwa hiyo mgongo ukikwama, unaweza kuuita toka goti. Mtu wa Tabora huhitaji kumfafanulia mara mbili: tuna njia panda ya reli, moja ya Kigoma, moja ya Mwanza, na tunajua behewa likianguka mbali huko, shida utaionea stesheni yako. Kama mistari yenyewe ipo mwilini au haipo ni jambo jingine. Waliopasua maiti hawajaiona.

Kisha akaleta kisanduku chenye nyaya, akabana vichwa vya sindano kwa koleo ndogo, nyekundu na nyeusi, kama fundi anayewasha gari kwa betri ya jirani. Kiuno kikaanza kurukaruka chenyewe, kwa mapigo, bila idhini yangu. Akawasha taa ya joto, akaniwekea kengele karibu na kiganja, akasema, "Dakika 25, usijitikise," akavuta pazia.

Hapa ndipo nilipoteseka. Sindano hakuna kitu. Taabu ni kulala kimya dakika 25 bila simu, bila gazeti, bila mtu wa kubishana naye. Sijakaa kimya hivyo tangu jeshi la kujenga taifa. Nyuma ya pazia mzee mwenzangu alikuwa anakoroma na sindano zake, nikamwonea wivu. Mimi nilikuwa na tundu moja la kutazama sakafu. Kwenye sakafu kulikuwa na marumaru nyeupe yenye ufa, na pembeni ya ufa, amini usiamini, kandambili mbili za bluu. Sawasawa na yangu. Zimekaa hapo zinanitazama.

Akatokea sisimizi mmoja amebeba punje ya wali. Punje kubwa kuliko yeye, ameiinua juu ya kichwa, anatembea upandeupande. Akafika kwenye ufa, ikamponyoka. Akashuka, akaizunguka, akaishika kwa ncha nyingine, akapanda nayo. Ikamponyoka tena. Mara ya tatu akavuka, akapita chini ya kandambili, akatokea upande wa pili, na punje juu. Nikasema moyoni, huyu ni wa kwetu. Na simu yangu ikaanza kulia mfukoni mwa shati kwenye msumari, wimbo wa kwaya sauti ya mwisho, haikatiki. Najua ni nani. Ni mteja wa Isikizya aliyesahau cheti cha kuzaliwa kwenye mashine. Akapiga mara nne. Mzee wa pazia la pili akaamka akauliza kama ni ibada.

Siku ya kwanza niliinuka nikatembea, nikasema sioni tofauti. Yule daktari akasema dozi ni mara kumi. Hii haikuwa kwenye mazungumzo na mwanangu! Kwa bei ya mara moja, Isikizya unapata mbuzi. Nilisimama mbele ya meza ya mtani nikawaona mbuzi kumi wamejipanga, wanalia. Tukakubaliana sita.

Na mgongo? Mara ya tatu nililala usiku mzima. Mara ya tano nilifunga kamba za viatu mwenyewe. Ningependa kusema ni sindano, lakini mwenye steshenari hawezi kuacha hesabu. Wajerumani, hao hao waliotuletea reli Tabora mwaka 1912, walitoa matokeo ya jaribio lao mwaka 2007: wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu. Kundi moja likachomwa sindano za kweli kwenye stesheni zake. La pili likachomwa za kuzuga, juujuu, mahali pasipo stesheni. La tatu likapewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, 44.2 kwa za kuzuga, na 27.4 kwa la kawaida. Yaani kuchomwa kunasaidia kuliko kutochomwa, ila pa kuchomwa, karibu popote. Isomeni mnavyotaka. Mimi kwa wiki mbili pia sikukalia kile kiti, na sikuwaambia Wajerumani.

Jirani wa binti alinishangaa, mtu mzima kumwamini Mchina. Nikamuuliza dawa mseto ya malaria anameza ya nani. Ile inatokana na pakanga, na aliyeikamua toka kwenye vitabu vya kale vya kwao ni mama wa Kichina, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Na madaktari wao wa serikali wanakuja Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968. Tumeshawameza zamani, tunaogopa kuchomwa tu.

Siku ya mwisho daktari akasema atanifanyia vikombe, bure, zawadi ya safari. Akachukua glasi za mviringo, akawasha pamba yenye spiriti, akaingiza moto ndani ya glasi, akautoa, akanibandika glasi mgongoni. Ngozi ikavutwa ndani kama unga wa andazi. Saba. Alipozibandua nilikuwa na madoa saba ya rangi ya zambarau, kila moja ukubwa wa mdomo wa kikombe.

Mama watoto aliyaona usiku ule niliporudi. Alishika taa akayahesabu kimya. Alipofika saba akauliza, kwa upole ambao siupendi, "Baba, Dar ulifikia kwa nani?"

Nilimwapia kwa kila kitu. Asubuhi akaamua kwenda kumwita bibi wa nyumba ya tatu, ambaye umri wake hata yeye haujui, aje atoe hukumu. Nikawekwa kwenye mkeka chini ya mwembe, shati juu, kandambili pembeni. Kijiwe kilikuwa kimeshajua, fundi baiskeli amesimama mstari wa mbele anatafuta tundu la kitovuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu." Akapitisha kidole kwenye doa moja, kisha jingine. "Nani kakupiga chuku?"

Nikasema hakuna aliyenipiga chuku, nasema ukweli mtupu, ni Mchina.

"Ndiyo nakuuliza. Nani kakuumika? Chuku hizi." Watu wakatazamana. Maisha yetu yote tunaambiana acha kupiga chuku, na hakuna aliyekumbuka kwamba chuku ni pembe, ile waliyokuwa wakimbandika mgonjwa ivute uovu nje. "Babu yako alikuwa akirudi safari na mabega yamevimba, mama yake anamuumika kwa pembe la ng'ombe. Huyo Mchina katumia pembe la nini?"

"Glasi, bibi."

"Kakulipisha?"

Hizo za mwisho zilikuwa bure, lakini mbuzi sita walikuwa moyoni, nikawataja. Bibi akacheka mpaka kanga ikamvuka begani. Akacheka hadi mama watoto naye akacheka, nikajua nimesamehewa. Halafu akanyamaza, akaniinamia tena, akabonyeza doa la katikati.

"Na damu alitoa?"

"Hapana bibi. Kavu."

"Kavu!" Akageuka kwa mjukuu wake. "Hajamaliza huyo. Nenda ndani, juu ya dari, nyuma ya kibuyu. Lete pembe. Na wembe."

Fundi baiskeli anasema hajawahi kuona mtu wa umri wangu akiinuka toka mkekani namna ile. Mama watoto anasema sikushika hata kiuno. Kandambili niliziacha pale pale chini ya mwembe. Anayezitaka akaziinamie mwenyewe.